Kabla hujanunua pedali mpya ya mafuta, acha tupime kwanza

Juzi imeingia lori nyingine, dereva hata hajafunga mlango vizuri anasema, "Fundi, nakanyaga mpaka chini gari haitoki, inabaki sailensa tu, resi ya chini kabisa, nikizima nikaisubiri kidogo nikawasha inakubali, nikipita barabara mbovu inarudia yaleyale." Na kwenye kiti cha pembeni kuna boksi lenye pedali ya zamani, maana gereji nyingine walishambadilishia mpya. Kesi za hivi tunazipata sana na kwa kweli zinatuuma, mtu ameshatoa hela, gari imelala na mzigo, ugonjwa bado uko palepale.

Iko hivi. Gari kubwa za siku hizi hazina ile kebo ya kuvuta pampu, ukikanyaga pedali unatuma tu taarifa ya umeme kwenye kontroloboksi, yaani kompyuta ya injini, halafu yenyewe ndo inaamua dizeli iingie kiasi gani. Ndani ya pedali nyingi kuna sensa mbili, kila moja ina waya 3, wa volti 5, wa asi (unaorudi hasi) na wa siginali, kwa hiyo kwenye soketi unakuta waya 6. Siginali ya kwanza mara nyingi inaanzia kama volti 0.7 hivi mguu ukiwa juu na inapanda mpaka karibu na 4 ukikanyaga mwisho, ya pili inatembea kwenye nusu ya hiyo. Kontroloboksi inazilinganisha muda wote, zikipishana tu inaacha kuuamini mguu wako na kurudisha injini sailensa au kukuachia resi ndogo ya kujikokota mpaka pembeni. Inaudhi lakini ndo usalama wenyewe, hakuna anayetaka tani 40 zijipige resi zenyewe. (Zipo gari zenye sensa moja na swichi ya kuthibitisha mguu uko juu, na zipo zinazotuma palsi (mapigo ya umeme) badala ya volti, ndo maana hatupimi bila mchoro wa waya wa gari husika.)

Sasa mashine ya kupimia ikionyesha SPN 91, kodi (namba) ya hitilafu ya pedali ya mafuta, wengi wanasoma "pedali mbovu" wanaenda dukani. Hapana jamani! 91 inakwambia kuna shida kwenye njia ya siginali ya pedali, na njia hiyo ni pedali, soketi, waya wote mpaka kwenye kontroloboksi. Namba ya kuangalia sana ni ile inayofuata, FMI, inayotaja aina ya hitilafu. Ikiwa 3 volti ziko juu kupita kawaida, 4 ziko chini kupita kawaida, 2 siginali inarukaruka haieleweki. Na kwa sensa nyingi za hivi waya wa asi ukikatika siginali inapanda, haishuki, hapo ndo watu wanapotea.

Lori ya juzi ilikuwa na 91 na FMI 3. Hatukugusa pedali. Tulifungua swichi bila kupiga stata, tukachomeka sindano nyembamba nyuma ya soketi pembeni ya waya wa asi, mita upande mmoja hapo upande wa pili kwenye hasi ya betri. Asi nzima haitakiwi kuzidi volti 0.1 na hii ilisoma 0.6, tukautikisa waya taratibu kuelekea kwenye sakafu, ghafla namba ikaruka mpaka karibu 5. Tukafunua raba ya sakafu, chini kuna unyevu, na kwenye ule waya kuna kitobo kidogo sana, mtu alishawahi kuutoboa akipima akauacha hivyo, maji ya kuoshea kebini yakaingia. Tulipouchana ganda shaba imeshakuwa unga wa kijani, imebaki nyuzi kama mbili. Tukakata kipande kibovu, tukaunga kwa risasi, tukafunika na mpira wa kusinyaa. Pedali ya zamani tuliijaribu, nzima kabisa.

Kuna vingine vinavyojifanya pedali. Zile volti 5 kwenye baadhi ya gari zinagawiwa na sensa zingine, sensa moja mahali pengine ikipiga shoti zote zinashuka, hapo tunachomoa moja moja mpaka 5 irudi. Swichi ya breki ikinasa, kontroloboksi inadhani umekanyaga breki na mafuta kwa pamoja, inakata resi. Na ukikanyaga mwisho mashine ikasoma asilimia 100 safi bila kurukaruka na gari bado haivuti, iache pedali, nenda kwenye filta ya dizeli na mabomba ya upepo wa tabo.

Ikithibitika pedali yenyewe imekufa, na zinakufa kweli, hasa zenye sensa za kusuguana, zinalika pale mguu unapokaa muda mrefu, basi tutakwambia na tutakuonyesha kwenye mita namba zinavyokatika katikati ya safari ya pedali. Mpya ikifungwa kuna gari zinataka kufundishwa, swichi on injini imezimwa, unakanyaga taratibu mpaka mwisho na kuachia, mara 3.

Madereva tunaomba kitu kimoja, msifute kodi za hitilafu kabla ya kutuletea gari, na mkumbuke ilitokea wakati gani, kwenye mashimo, baada ya mvua, baada ya kuosha kebini au baada ya kuinua kebini, maana pale kebini inapojikunja waya zinachubuka sana. Dereva wa juzi alivyotaja tu barabara mbovu tulijua tuanze kutikisa waya.