Taarifa ya mwenyekiti: kansa haitawanywi na kisu

Assalam alaikum na habari zenu wanachama wote, wa Kisauni, Changamwe, Majengo, na nyinyi wa Likoni mliovuka na feri asubuhi hii. Ya pesa sitayagusa, mweka hazina atawasomea na karatasi mtapewa. Mimi nina jambo moja limenikaa rohoni mwaka mzima.

Tumezika wenzetu watatu kwa kansa, Mungu awarehemu. Hakuna hata mmoja aliyeuliwa na ule uvimbe wa kwanza, waliuliwa ulipofika kwenye ini, mifupa na mapafu. Mmoja wao, dada yetu wa Kisauni, alikaa na uvimbe wa titi miezi minane akikataa bayopsi, yaani kutolewa kipande cha uvimbe kwa sindano au kisu kikapimwe, kwa sababu jirani alimwambia ati kansa ikiguswa na kisu inapata upepo inatawanyika mwili mzima. Nilienda kwake mara mbili na sikuwa na jibu la maana, nikawa namwambia tu enda mamangu, enda, na hilo laniuma mpaka leo. Ndo nikakaa nikasoma, nikawasumbua madaktari na maswali.

Sasa sikizeni. Kila seli ina breki zake, yaani protini zinazoizuia isizaane ovyo. Moja inaitwa p53, iligunduliwa 1979 na kwa miaka kumi wanasayansi walidhani ni katika zile zinazoleta kansa, mpaka 1989 ikajulikana kumbe ndo mlinzi. DNA, yaani yale maandishi ya urithi ndani ya seli, ikiharibika, p53 inaisimamisha seli itengenezwe kwanza, isipotengenezeka inaiamuru ife. Karibu nusu ya kansa zote za binadamu jeni ya hiyo protini, yaani maagizo ya kuitengeneza, imeharibika. Ndovu wa Tsavo hapo jirani ana jozi kama 20 za jeni hiyo, sisi tuna jozi moja tu, na wataalamu wanaona hiyo ni sababu mojawapo ndovu hapati kansa sana na mwili wote ule.

Lakini kusafiri kwa kansa kuna mambo mengine tena. Kuna protini inaitwa E-kadherini, inashikanisha seli na seli, na mimi naiona kama uzi wa asumini. Uzi ukikatika maua yanamwagika. Seli zikiachana zinapenya nyama ya jirani, zinaingia kwenye damu au kwenye mitoki, nyingi zinakufa njiani, chache zinafika mahali zinaota. Halafu 1988 huko Marekani mtafiti Patricia Steeg na wenzake walitoa habari za jeni inayoitwa NM23, na hii ndo iliyonishangaza zaidi, kwa sababu yenyewe haizuii uvimbe kukua, inazuia kusafiri.

Kwa hivyo kisu kiko wapi hapo? Breki zinakatika ndani ya seli yenyewe, hata hujaenda hospitali. Daktari mmoja hakunificha, akanambia kuna visa vichache sana seli zinadondoka njia ya sindano, na wao wanapanga sindano ipite wapi kwa sababu hiyohiyo. Lakini uvimbe ulioachwa miezi minane umepata miezi minane ya kuharibu breki nyengine, na bila bayopsi daktari hajui hata ni kansa gani ampe dawa gani.

Kina mama wenye mabinti, hili ni lenu. Virusi vya HPV, vile vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi, vina protini mbili, moja inaivunja p53 na nyengine inaifunga mikono breki inayoitwa Rb, yaani kirusi kinakata breki zote mbili kwa mpigo. Chanjo yake serikali ilianza kuwapa wasichana wa miaka kumi tangu Oktoba 2019, na bado kuna nyumba zetu wenyewe humu chamani ambazo mtoto hajapelekwa, nimeuliza nimejua.

Mwaka ujao kamati inaomba kitu kimoja. Kila mtu mgeni atakayeambiwa afanye bayopsi asiende peke yake, awe na mwenzetu aliyewahi kufanyiwa, amueleze sindano inaumaje na majibu yanachukua muda gani, amshike mkono mpaka ndani. Katibu ana daftari pale mlangoni, andikeni majina na mtaa mnaokaa kabla hamjatoka.