Kabla hujanunua plagi nyingine

Shekhe wangu, salamu sana,

Meseji yako ya juzi nimeipata, pole na hiyo injini ya ndege yako ndogo ya modeli. Unasema huku Mombasa ilikuwa inaunguruma vizuri tu na plagi ile ile ya kampuni ya OS nambari 8, hii ya koili inayowaka ndani, ukahamia nayo Nairobi, sasa ukitoa klipu ya betri inayoipasha plagi moto, injini inalegea kidogo inazima. Basi usikimbilie dukani, plagi haijafa, we umepanda mlima ndugu yangu! Hapo ulipo ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na sindano ya kupimia mafuta umeiacha vile vile tulivyoiseti huku Nyali, kwa hiyo mafuta yanazidi hewa, koili, kile kijiwaya ndani ya plagi, inalowa inapoa.

Ile koili ina platinamu, betri inaianzisha tu, ikishashika moto basi methanoli, ndo mafuta yenyewe, ikiigusa na joto la mgandamizo linaendelea kuiwasha yenyewe, ndo maana Ray Arden alipoitoa plagi ya aina hii kule Marekani 1947 watu wakaacha kurusha ndege na betri na koili za kuwashia ndani. Sasa hewa nyepesi ina maana mgandamizo mdogo na joto dogo, plagi inakosa nguvu.

Kwanza funga sindano klik moja moja mpaka mizunguko ipande, halafu irudishe klik mbili, usiibane sana ikakauka ukaichoma pistoni. Ikiwa bado inalegea ukitoa klipu, hapo ndo uweke plagi ya moto zaidi, mi ile ya kampuni ya Enya nambari 3 naiamini sana kwa mafuta yaliyochanganywa nitro (nitromethani) kidogo kama yako ya asilimia 5. Plagi za baridi waachie wenye nitro nyingi. Ila ukisikia injini inatatarika kama samaki kwenye karai ujue joto limezidi, rudi kwa nambari 8.

Na plagi yoyote kabla hujaitupa itazame na kioo cha kukuzia. Mwaka jana nilimaliza plagi tatu Jumamosi moja, kila nikitoa naona koili imefubaa imekuwa kijivu, ya tatu nikaielekeza juani, vichembe vya chuma vimenata kwenye koili, vidogo kuliko chumvi. Kumbe beringi ya nyuma ishaliwa na kutu, nilikuwa naiacha na mafuta ndani, na methanoli hunywa maji, na hewa yetu ya pwani unaijua. Iliniuma sana, ile injini niliipenda. Siku hizi nikimaliza kuruka nachomoa paipu ya mafuta iungurume mpaka izime yenyewe ndo natia oili.

Dada yako anakuja huko na SGR Ijumaa, nimempa Enya mbili na washa zake za shaba. Ifunge kwa vidole mpaka ikae ndo ushike spana, hicho kichwa ni aluminiamu, nyuzi zake zinakwanguka upesi. Ukiwa uwanjani nipigie, uitoe klipu nikisikia.