Utitiri Hausomi Jina la Chupa: barua kwa vijana wa biolojia mlioko kwenye maduka ya pembejeo

Kamwene wanangu,

Nimekasirika, na ni heri niseme mapema.

Wiki jana nilisimama kwenye duka moja la pembejeo huku Ilula nikisubiri chenji. Akaingia mama mmoja na tawi la mnyanya amelifunga kwenye gazeti. Majani yamepauka, utando mwembamba umeyashikanisha. Alikuwa amepuliza dawa mara tatu. Kijana wa kaunta, ambaye baadaye niliambiwa ana shahada ya biolojia, hata gazeti hakulifungua. "Ulitumia ipi?" Mama akataja. "Hiyo imechoka. Chukua hii, kali zaidi." Akampa chupa mbili. Nikavaa miwani nikasoma kibandiko, jina la sumu yenyewe: abamektini. Nikasoma na ile "iliyochoka", iliyopangwa kwenye shelfu ileile: abamektini. Kilichotofautiana ni rangi ya kifuniko na bei.

Mwanangu, sumu haichoki. Aliyebadilika ni utitiri, kile kiumbe kidogo kilichofuma utando ule.

Hayo ndiyo mageuko mliyoyakariri kwa ajili ya mtihani, mkachora ndege wa visiwa vya Galapagos na midomo yao, kumbe yanatokea nyuma ya nyumba ya shangazi yenu. Joto likipanda, yai la utitiri linakuwa mzazi ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Hesabuni Septemba hadi Novemba: vizazi tisa hivi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mia na zaidi. Tena jike asiyepandwa hutaga vilevile, ila mayai yake yote yanatoka madume. Dume wa utitiri hana baba! Ana nakala moja tu ya kila jeni, hivyo jeni ya kuhimili sumu haina pa kujificha. Sumu ikipita, asiye nayo anakufa, aliye nayo anabaki na kuzaa. Ukirudia sumu ileile kwa jina jingine, unamchagulia mbegu bora kama mfugaji achaguavyo dume la ng'ombe.

Kisha mnawauzia watu pairethroidi, dawa ya wadudu, kwa sababu mtaani kila kitambaacho ni mdudu. Mtaani sawa. Wewe ulihesabu miguu minane maabara! Utitiri ni ndugu wa buibui na kupe. Dawa ile inaua wadudu-kibibi na utitiri wawindaji waliokuwa wanamla huyo adui, naye anabaki shambani bila polisi.

Viumbe hawa wamenilisha miaka 38. Nilianza kwenye misitu ya milima ya Udzungwa, kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na kiroba cha majani yaliyooza, faneli na balbu. Balbu inakausha majani kutoka juu, vilivyomo vinaukimbia ukavu, vinadondokea kwenye spiriti. Asubuhi unakuta utitiri, nge bandia wasio na mkia, buibui wadogo kuliko punje ya ulezi. Misitu ile ilitengwa na nyika kavu zamani sana, na kiumbe asiyeweza kuvuka hata barabara akikaa mlimani peke yake muda mrefu anakuwa kabila lake, yaani spishi ya peke yake. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani nasomea mifugo, maana kupe angalau wanajulikana. Sikumlaumu. Mabaki ya utitiri yamekutwa ndani ya mawe ya Uskoti yenye umri wa miaka milioni 410 hivi. Nani angemweleza mama mambo hayo akaona ugali ndani yake?

Lakini ugali umo. Utitiri wa kijani wa muhogo ulitua Afrika kutoka Amerika Kusini, ukaonekana Uganda mwaka 1971. Watafiti wakaenda huko ulikotoka wakatafuta anayemla, wakamleta: utitiri mwingine, anayelala mchana kwenye ncha ya mmea na kutoka usiku kuwinda. Aliachiwa Benin mwaka 1993 akasambaa mwenyewe. Mkulima hakununua chupa.

Mengine kwa ufupi, mnayajua. Andikeni vibandiko vya vielelezo kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye spiriti. Tembeeni na lenzi mfukoni. Someni kundi la sumu, yaani namna inavyoua, kabla ya jina lake. Jifunzeni kuchora.

Najua hamkuchagua kaunta. Ajira hakuna, na bosi anakupima kwa katoni, si kwa mashamba yaliyopona. Sisi wazee nasi tumechangia: nimewahi kuona hadubini ya shule kabatini ikiwa bado kwenye nailoni yake, eti wanafunzi wataivunja. Mtoto akisema anataka kusoma buibui tunamwuliza atakula nini, halafu tunashangaa nyanya zikikauka. Hilo nalibeba nanyi. Ila kufungua gazeti la yule mama kungekugharimu nini? Dakika mbili. Ungegeuza jani, ungewaona wekundu wanatembea, ungemwambia ang'oe miche iliyofunikwa na utando aichome, na atumie sumu ya kundi jingine, mara moja, upande wa chini wa majani.

Chupa moja yule mama bado hajaifungua. Nimemwambia airudishe. Wewe wa kaunta unajijua. Akija Jumatatu, mrudishie hela yake.

Mzee wenu wa utitiri,
Ilula