Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hisabati na Sayansi katika Shule za Mjini

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha na orodha ya shule mtazipata kwa mhazini na katibu, sitazirudia hapa. Mimi nina hoja moja. Kinachokwamisha masomo ya vitendo katika shule zetu ni matunzo kuliko uhaba wa vifaa. Ndiyo maana kamati inaomba mwaka ujao tupunguze ununuzi wa vifaa vipya, na fedha ziende kwenye fyuzi, betri, kemikali na mazoezi ya walimu.

Mfano mzuri ni multimita, kifaa cha kupima volti na mkondo wa umeme. Nyingi zinazowekwa kabatini kama mbovu zimekatika fyuzi tu. Mwanafunzi hupima mkondo, akaacha waya mwekundu kwenye tundu la miliampea, kisha akaenda kupima volti za betri. Njia hiyo ina ukinzani mdogo sana. Mkondo unapita kwa wingi na fyuzi inakatika. Dalili yake ni kwamba volti inapimika sawasawa lakini mkondo unasoma sifuri. Fyuzi ya kubadilishia iwe na ampea na volti zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Kipande cha waya si fyuzi. Betri nazo zitolewe kabla ya likizo, kwani zikivuja hula vishikizo vya ndani.

Kwa kemia, tatizo kubwa ni maandalizi ya dakika za mwisho. Darasa la wanafunzi 60 likigawanywa wannewanne linatoa makundi 15. Kila kundi likirudia jaribio la titresheni (kupima asidi kwa besi) mara nne kwa mililita 25 za sodiamu hidroksaidi, zinahitajika mililita 1,500, pamoja na za kusuuzia pipeti, mrija wa kuchukulia kiasi hicho. Andaeni lita 2. Kwa ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, hizo ni gramu 8 za sodiamu hidroksaidi, zipimwe upesi kwa sababu punje zake hunyonya unyevu wa hewa. Ziyeyusheni kwanza kwenye maji kidogo kuliko yanayohitajika, myeyusho upoe, ndipo mjazie hadi alama ya lita 2. Anayejaza ungali moto hupata ujazo pungufu ukipoa. Uhifadhiwe kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri, si ya kizibo cha kioo, maana kizibo hicho huganda. Bureti, mrija wenye bomba wa kudondoshea, iwekwe asidi, kwani sodiamu hidroksaidi ikisahauliwa humo bomba lake hukwama pia. Miwani ya kinga ivaliwe tangu kwenye kupima punje, isingojewe wanafunzi waingie.

Katika fizikia tunapendekeza pendulamu iwe jaribio la kwanza: ni uzi, kitu kizito na saa, na hisabati imo ndani yake. Uzi wa mita 1, ukipimwa hadi katikati ya kitu kizito, hubembea mara moja, kwenda na kurudi, kwa takriban sekunde 2. Kuchelewa kwa kidole kwa sekunde 0.2 ni kosa la asilimia 10 kwenye bembeo moja, lakini ni nusu asilimia tu kwenye mabembeo 20. Angalieni hesabu inapoanzia. Mtoto akisema "moja" anapoachia uzi, akifika 20 mabembeo ni 19, na kani ya uvutano kwa kila kilo inatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Mwalimu anayeijua namba hiyo hutambua kosa bila hata kuona jaribio.

Vilabu vya hisabati sina mengi ya kusema, ila hili: acheni kuhesabu alama pekee. Mwisho wa kipindi wapeni maswali mawili, kisha pangeni majibu kwa aina ya kosa. Wanaoandika 1/2 + 1/3 = 2/5 wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini; waulizwe kwanza kama 2/5 inazidi nusu waliyoanza nayo. Baadaye wachore mstari wa vyumba 12, wapake 6, kisha 4. Wanaoandika 5 − (x − 3) = 2 − x wana tatizo jingine kabisa, la alama mbele ya mabano, na kuwarudishia somo la sehemu kama 1/2 ni kuwapotezea muda.

Shule za mjini ziko karibu karibu, kwa hiyo masanduku ya vifaa yanaweza kuzunguka kwa zamu za wiki mbili. Mzunguko huo hufeli pale ambapo hakuna mtu wa kukabidhiwa. Kila sanduku libandikwe orodha ndani ya kifuniko, na anayelipokea alihesabu mbele ya anayelitoa, wote wasaini. Kilichopungua kiandikwe bila kutafuta mkosaji. Mwalimu anayeogopa kulipishwa huficha, na sanduku hufika shule ya pili likiwa na pengo.

Maombi ya kupigiwa kura ni matatu: fungu la kudumu la vitu vinavyokwisha, posho ya fundi maabara wa kuzungukia shule, na walimu kulifanya kila jaribio wenyewe kabla ya kulipeleka darasani. Fomu za ukaguzi wa maabara zimfikie katibu kabla ya mkutano mkuu, hata kama maabara yenyewe ni kabati moja.