Malalamiko: jairo yenu inasahihisha kinyume, tena ushauri mnaotoa unaangusha ndege za watu

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kutoka Uyole hapa Mbeya, mimi ni yule mteja wa jairo ya ndege ya rimoti, kile kifaa kidogo cha kuituliza ndege hewani, ile ya mihimili mitatu (inahisi ndege ikilala, ikiinua pua na ikigeuka), mlinitumia kwa basi kutoka Dar na hela nilishawalipa kwa simu kabla mzigo haujafungwa. Nimepiga sana, video nimetuma, picha nimetuma, ila kila nikipiga anapokea mtu mwingine naanza kuelezea upya, kwa hiyo sasa naweka kwenye maandishi.

Shida iko hivi. Jairo inakaa katikati ya risiva inayopokea amri za rimoti na sevo, yaani vimota vinavyosogeza vibao vya mabawa na mkia, ikihisi ndege inalala inaiamrisha sevo iirudishe hata kabla kidole changu hakijafika, sasa kabla ya kurusha lazima uangalie inarudisha upande gani. Nilifanya hivyo mezani, propela nimeshaitoa. Nikawasha nikaiacha ndege imetulia mpaka taa ikaacha kuwaka-waka, nikaishika kiwiliwili nikalishusha bawa la kulia kwa haraka. Eleroni ya kulia, kile kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa, ilitakiwa ishuke ili ilisukume lile bawa lirudi juu. Ikapanda. Kushoto hivyohivyo. Eleveta, kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua, iko sawa, ukiinua pua inashuka, usukani wa mkia nao uko sawa, ni eleroni tu. Nikachukua bisibisi ndogo nikahamisha kile kiswichi cha rivasi cha eleroni kwenye jairo, cha kugeuza upande wa sahihisho, nikazima, nikawasha tena, hakuna kilichobadilika. Kiswichi chenyewe ukikigusa kinacheza kama jino bovu, na ukimulika na tochi ya simu unaona mguu wake mmoja haujashikwa kabisa na lehemu, umeinuka juu ya bodi.

Mpaka hapo sikuwa na ugomvi na nyie, kifaa kinaweza kutoka kiwandani kibovu. Kilichoniumiza ni majibu. Kaka wa huduma kwa wateja ananiambia geuza tu chaneli ya eleroni kwenye rimoti itakaa sawa. Haikai sawa! Rivasi ya kwenye rimoti inageuza amri ya kidole changu peke yake, jairo inapima mzunguko wa ndege yenyewe na kuongeza sahihisho lake huko mbele, rimoti imesema nini haihusiki. Ukifuata alichosema unabaki stiki iko kinyume, jairo nayo iko kinyume, yaani hata kile kimoja kilichokuwa salama umekiharibu.

Na kuna aliyemsikiliza. Kijana tunayerusha naye alinunua kwenu jairo hiyohiyo, na yake eleroni kinyume, akapewa ushauri huohuo, akaufuata kwa sababu nyie ndo wauzaji na aliwaamini. Karusha kwa mkono, upepo ukainua bawa la kushoto kidogo tu, jairo ikazidi kulipandisha, yeye akavuta stiki kushoto ndege ikalala kulia zaidi, ikapinduka mgongo chini ikaingia shambani mota bado inazunguka. Watoto waliokuja kuangalia walikuwa hatua chache pale. Ndege aliijenga mwenyewe, miezi, na hamjamjibu chochote.

Dada mwingine kwenye simu akasema itakuwa ni upepo wa Mbeya. Dada yangu, mimi nimepima ndani ya nyumba, mezani, madirisha yamefungwa. Ni kweli huku ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko hapo Dar, ndege lazima ikimbie zaidi ndo ibebeke na kutua inakuja na kasi, halafu kiangazi upepo wa mchana unapita kwenye hii milima unakuja kwa vishindo. Hiyo ndo sababu tunanunua jairo. Mwaka 1914 kule Ufaransa Lawrence Sperry aliachia usukani akanyoosha mikono juu, fundi wake katembea kwenye bawa, na jairo ikaishika ndege ikabaki sawa. Kazi ni ileile mpaka leo, bawa likishuka linyanyue, sasa kinacholizamisha zaidi mnaendeleaje kukiuza?

Naomba hela yangu yote pamoja na nauli ya mzigo, au jairo nyingine ambayo fundi wenu ameijaribu na kunitumia video bawa likishuka eleroni inaenda wapi. Yule kijana naye mlipeni ndege yake, maana aliangushwa na maneno yenu. Na kila aliyenunua toleo hili mpigieni simu leo, namba zetu mnazo, mwambieni asirushe kabla hajapima, kwa sababu kikaratasi chenu kinaelezea geni (ukali wa sahihisho) na modi tu, kupima upande wa sahihisho hakuna hata mstari. Huyo kaka wa huduma kwa wateja mfundisheni kwanza au simu za jairo apokee fundi.

Kifaa nimekirudisha kwenye boksi lake, sijalehemu chochote ili msije mkasema nimekiharibu mimi. Nasubiri jibu la maandishi.

Mteja wenu,
Uyole, Mbeya