Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kugawa Muda wa Darubini

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa heshima zote, jibu lenu la tatu limenilazimu kuyasema hadharani niliyokuandikia faraghani mara mbili. Safari hii hamkutunyima. Mmetupa zamu mbili, zote mwezi ukiwa mpevu, nasi tunashukuru: mwezi tutauona vizuri mno.

Nyota tulizoomba kuzipima zimo pembezoni mwa Sculptor, galaksi kibete iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 280,000. Huko nyota ni haba na hafifu, na nyingi zinazoonekana upande huo ni za Njia ya Maziwa, galaksi yetu wenyewe, zimetangulia mbele tu. Mbalamwezi, kama Kamati ijuavyo, ni mwanga wa Jua ulioakisiwa. Huja na mistari yake ya spektra, yaani alama katika mwanga uliotawanywa rangi ambazo kwazo tunapima kasi ya nyota, ikajichanganya na mistari ya nyota hizo hafifu hadi kasi tunayoipima isiaminike.

Mnatuambia pia kwamba chombo cha angani cha Gaia, kilichopima mahali na mwendo wa nyota, kimekwisha kuifanya kazi hii. Gaia, iliyokoma kupima Januari 2025, imetupa mwendo wa nyota hizi kukatiza anga, na bila hiyo tusingejua hata zipi ni za Sculptor. Lakini kasi ya kutujia au kutukimbia, kwa nyota hafifu kiasi hiki, haikuipima. Hilo lilikuwa ukurasa wa kwanza wa ombi letu. Ukurasa wa kwanza, Mheshimiwa.

Mwaka 1983 mwanaastronomia Marc Aaronson alipima kasi ya nyota tatu tu za Draco, galaksi kibete nyingine, akapata dalili kwamba vigalaksi hivi vina uzito mkubwa kuliko nyota zake zinavyoweza kueleza. Tangu hapo zimepimwa nyota nyingi, ila zaidi ni za katikati, ambako mifano inayopingana ya maada ya giza, ile maada isiyoonekana inayodhaniwa kubeba uzito huo, huweza kukubaliana na vipimo vilevile. Pembezoni ndiko inakoanza kuachana, na ndiko mvuto wa Njia ya Maziwa ungeacha alama. Tatizo ni nyota pacha: nyota inayomzunguka mwenzake hubadili kasi, na ukiipima mara moja tu utadhani galaksi nzima ni nzito kuliko ilivyo. Ndiyo maana kipimo cha pili si anasa.

Kipimo hicho mliahidi, kwa barua yenye saini yako, kwamba kingefanyika msimu uliofuata. Misimu miwili imepita. Mwanafunzi wangu hawezi kuwasilisha tasnifu yenye kipimo kimoja, na mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka. Nashuku, na nitafurahi kusahihishwa, kwamba kosa letu ni kuchagua galaksi isiyotoa picha ya kupamba taarifa ya mwaka.

Tuliomba zamu nne, tukashuka hadi mbili. Sasa naomba moja: Oktoba, Sculptor ikiwa juu usiku wa manane, wiki ya mwezi mwandamo. Zamu moja ya giza, Mheshimiwa. Hizo mbili za mwezi mpevu tunazirudisha.

Wako mtiifu,
Mwombaji wa mara ya tatu