Sikukuu haijipiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Nimelisoma gazeti hili tangu wanangu hawajajua kushika kalamu, na muda wote huo nimenyamaza. Mmekosea majina ya watu, nikanyamaza. Mmerudia fumbo la maneno lilelile wiki mbili mfululizo, nikanyamaza nikalijaza tena. Ila ile makala yenu ya jinsi familia zinavyosherehekea Krismasi, yenye picha ya nusu ukurasa ya watu waliovaa sare, imenishinda kuimeza.

Unaikumbuka, najua. Zilihojiwa familia nne, na katika zote nne msemaji alikuwa baba au babu, kaketi, kakunja nne. Mmoja kasema kwao ni lazima ukoo mzima ule meza moja. Mwingine kasema hii mila wameirithi na hawataiacha. Kisha mwandishi wenu akamalizia kwa masikitiko kwamba desturi hizi za tangu enzi na enzi zinakufa, kwa sababu vijana wanashinda kwenye simu na akina mama wa siku hizi hawana tena moyo wa zamani. Hapo kwenye moyo wa zamani ilibidi nivue miwani niifute, nikidhani ni vumbi.

Nianze na hizo enzi na enzi. Katika yote mliyoyataja, la zamani kweli ni pango la Noeli: Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliliandaa kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223, kwa hori na nyasi na ng'ombe na punda walio hai. Mengine ni ya juzi. Taa za umeme mtini zilianzia New York mwaka 1882, nyumbani kwa Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison. Mti wenyewe Wajerumani walikuwa nao mapema, lakini kwa Waingereza ulienea majumbani baada ya gazeti la London kuchapisha, mwaka 1848, mchoro wa Malkia Victoria na mumewe Albert, mzaliwa wa Ujerumani, wameuzunguka pamoja na watoto wao. Gazeti, Mhariri! Watu waliona picha ya familia gazetini wakaenda kuiga. Kwa hiyo nyinyi hasa ndio mnaopaswa kujua picha ya nusu ukurasa inafanya nini kwenye nyumba za watu.

Sasa niseme la kwangu.

Mimi ni mke wa mwana mkubwa. Wenye cheo hicho wameshanielewa. Tangu niolewe, Krismasi ya ukoo inafanyika kwangu, na kila mwaka kabla ya sala ya chakula mtu husimama akashukuru kwamba desturi aliyoiacha marehemu babu haijakatika hata mara moja. Basi mwaka mmoja, siku ya mkesha, nikashikwa na homa. Homa ya kweli, ya meno kugongana, si ile ambayo wifi yangu mmoja huipata kila ikifika zamu ya vyombo. Nikaingia chumbani nikajilaza, mlango nikaurudishia. Hazikupita dakika nyingi akaingia shemeji yangu, kwa kunyata, sauti ameishusha kama yuko wodini: "Pole sana, shemeji. Hivi mfuniko wa lile sufuria kubwa uko wapi?" Akatoka. Akaja mwingine: pole, ufunguo wa kabati la sahani za wageni unao wewe? Akaja mtoto katumwa: mama, wanauliza upawa. Upawa, Mhariri, unaning'inia ukutani tangu nyumba ijengwe, kwenye usawa wa pua ya mtu mzima. Mwisho wakaja wawili pamoja, mume wangu na mdogo wake, wakawa wanazungukazunguka pembeni mwa kitanda bila kusema neno. Kumbe walitaka boksi la mapambo, na boksi la mapambo linakaa uvunguni. Wakapiga magoti. Mmoja akainua shuka lililoning'inia, mwingine akaingiza mkono mpaka begani, wakalivuta likikwaruza sakafu na mimi nimelala juu yake natetemeka. Kimpira kimoja chekundu cha kupamba mti kikadondoka, kikabingirika hadi kwenye viatu vyangu, wala hakuna aliyehangaika kukiokota. Mume wangu alikuwa ameshafika mlangoni ndipo akakumbuka kuniuliza najisikiaje. Nikamjibu kwamba mfuniko uko juu ya friji.

Kesho yake chakula kiliiva jioni, nusu ya wageni wameshaondoka. Pango halikupangwa, nyimbo hazikuimbwa, watoto walilala na njaa na zawadi hazijafunguliwa. Desturi isiyokatika tangu enzi za babu ilikatwa na homa ya mtu mmoja. Na hadi leo wakihadithia wanasema "mwaka ule Krismasi ilipooza", kisha wananitazama mimi. Sasa niambieni, jambo la ukoo mzima linakwamaje kwa kuumwa mtu mmoja, tena mtu ambaye hata hakuzaliwa katika ukoo huo? Watu wazima walijaa sebuleni siku ile, wenye vyeo vyao, wengine wanaongoza ofisi za watu mia, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua mchele... nisiseme mchele, aliyejua kiberiti kinawekwa wapi. Kila mmoja wao mngemhoji angewaambia "sisi kila mwaka tunakusanyika". Ni kweli, wanakusanyika. Kukusanyika wanakuweza sana.

Nikiligusa suala hili naambiwa: ukiacha wewe, mila itakufa. Jamani. Bunge la Uingereza liliifuta Krismasi mwaka 1647, na haikurudi rasmi hadi ufalme uliporejeshwa mwaka 1660. Koloni la Massachusetts lilitunga sheria mwaka 1659 ya kumtoza faini atakayeonekana anaiadhimisha, na ilifutwa mwaka 1681. Kule Uskoti, kwa wengi tarehe 25 Desemba iliendelea kuwa siku ya kazi mpaka ilipotangazwa mapumziko mwaka 1958. Sikukuu iliyopita kwenye yote hayo na ikasalimika haitakufa kwa sababu mimi nimevuta kiti nikala chakula kikiwa bado cha moto.

Wala msiniletee Martha. Kila Desemba lazima apatikane mhubiri wa kutukumbusha Luka sura ya 10, kwamba Martha alihangaika na utumishi mwingi na Mariamu akachagua fungu lililo jema. Nalikubali neno la Bwana. Ila sijawahi kumsikia mhubiri hata mmoja akiuliza kaka yao Lazaro, tunayemjua kwa Injili ya Yohana, alikuwa wapi siku hiyo. Luka hamtaji kabisa. Na mhubiri akishamaliza kumsema Martha anakuja kwangu kula.

Nikiwa bado na pumzi, kuna hili jingine. Makala yenu ilizisifu salamu za simu kwamba zinaunganisha familia. Zinaunganisha nini? Krismasi iliyopita mjomba alinitumia ujumbe mrefu wenye kengele na mishumaa, na chini kabisa umesainiwa na familia ambayo siijui, wala naamini mjomba haijui. Ameupokea, ameusukuma. Mwingereza Henry Cole, ambaye kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilitengenezwa kwa agizo lake mwaka 1843, naye alikuwa mtu wa kutafuta njia ya mkato, barua za kujibu zilimzidi. Lakini hata yeye alimlipa mchoraji, John Horsley, na kadi ikaachwa nafasi ya kuandika jina la anayetumiwa na la anayetuma. Mjomba angalau angefuta jina la wale watu. Na lile kundi la ukoo kwenye simu ndilo lisiseme: mtu anaandika "tunakuja wote, tuko kama kumi na watano", vidole gumba vinamiminika, na katika vidole vyote hivyo hakuna hata kimoja kinachouliza tulete nini, au tuje mapema tusaidie nini. Simu hizi mnasema zinaua mila. Mimi naona zimeihamisha ilivyo, na uzembe wake wote.

Makala yenu inayolilia mila zinazokufa ingeweza kutaja mbili ninazozijua mimi nisiye mwandishi. Uingereza ya zamani, watumishi wa majumbani waliofanya kazi tarehe 25 walipewa mapumziko siku iliyofuata, na sanduku la zawadi mkononi, na wapo wanaosema ndiko lilikotoka jina la Boxing Day. Watumishi wa mabwana wa Kiingereza walipata tarehe 26. Mimi tarehe 26 naamkia sufuria. Na kule Ireland, hasa pande za Cork na Kerry, tarehe 6 Januari, Tokeo la Bwana, huitwa Krismasi ya Wanawake: kwa desturi siku hiyo wanaume ndio hushika kazi za nyumba, wanawake wakatoka kwenda kukaa na wenzao. Hiyo nayo ni mila ya kurithishana. Wale mababa wanne sidhani kama wangeitaja hata mngewauliza.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Mwaka huu mwandishi wenu asije tarehe 25 mchana wakati watu wameshavaa sare. Aje tarehe 26 saa moja asubuhi, na aingie kwa mlango wa jikoni. Asimhoji mtu yeyote mwenye mikono mikavu. Mpiga picha alipige lile sufuria kubwa likiwa bado limelowekwa, na chini ya picha muorodheshe majina kamili ya wote waliokula kutoka ndani yake, wakubwa kwanza, na mbele ya kila jina muandike chombo alichoosha. Asiyeosha wekeni kistari. Wazee nao wawekewe vistari vyao, kwa heshima zote.

Mume wangu ameshaisoma barua hii na anasema ni kali mno, niipunguze. Nimemwambia aipunguze yeye, akimaliza anitafutie na bahasha. Bahasha zimo kwenye droo ya meza, ila sijamwambia. Tarehe 6 Januari msinitafute kwa maoni zaidi, sitakuwepo nyumbani.

Wako,
Mke wa mwana mkubwa